Malighafi kwanza au njia ya kutengeneza kwanza? Jibu kwa mbunifu wa nyumba ya beringi

Swali lililonifikia ni la mbunifu kijana wa mitambo ambaye amemaliza kuchora nyumba ya beringi ya pampu inayoendeshwa kwa mkanda. Beringi yenyewe ni ya namba 6205, yaani ile yenye tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15. Anahitaji vipande 300 katika mwaka wa kwanza, na pampu ikikubalika huenda akahitaji hata 2000 kila mwaka. Mchoro wake unasema alumini kwa sababu alitaka wepesi. Mwenzake anamshauri akate bamba za chuma na kuzichomelea. Na msimamizi wake amemwambia achague malighafi kwanza, kisha ndipo atafute wa kuitengeneza. Anauliza: kipi hutangulia, malighafi au njia ya kutengeneza, na mtu atajuaje kwamba amechagua vema kabla fedha hazijatumika?

Ndugu yangu, katika mambo haya mawili hakuna linalotangulia. Msimamizi wako amekushauri kwa nia njema, lakini mpangilio aliokupa utakulazimisha kuchora upya siku utakapokutana na fundi. Malighafi, umbo na njia ya kutengeneza huchaguliwa kwa pamoja, kwa sababu kila kimoja hubadilisha maana ya vingine viwili. Chukua hilo neno “alumini” lililoandikwa pembeni mwa mchoro wako. Aloi ya 6061 iliyotoka kiwandani ikiwa nondo na kupikwa, yaani kutibiwa kwa joto ili iongezeke nguvu, hadi hali iitwayo T6 haianzi kupinda pasipo kurudi mpaka mkazo ufikie kama megapaskali 275. Aloi ya alumini na silikoni iliyomiminwa kwenye mchanga na kuachwa bila kupikwa haifikii hata nusu ya kiwango hicho. Ile ya 6061 ukiichomelea, eneo lililo kando ya mshono hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Na alumini iliyosukumwa kwa shinikizo kwenye kalibu ya chuma hunasa hewa ndani yake, kwa hiyo ukijaribu kuipika baadaye ili kuiongezea nguvu, uso wake huvimba malengelenge. Zote nne huitwa alumini. Jina la malighafi likiandikwa peke yake, bila kusemwa kipande kitapatikanaje, fundi hajui anaombwa nini, na wewe mwenyewe huna namba ya kuaminika ya kukokotolea.

Kinachopaswa kutangulia ni kazi ya kipande, na hasa namna kitakavyoshindwa kazi hiyo. Kabla ya kufungua jedwali lolote la malighafi, andika kwenye karatasi kipande hiki kinabeba nini, kinagusana na nini, na siku kikiharibika kitakuwa kimeharibikaje. Kwa nyumba ya beringi yako mimi naona njia nne za kuharibika. Mkono unaobeba beringi unaweza kuinama kidogo, beringi ikakaa upande na kuchakaa mapema. Tundu linaweza kulegea, ule mduara wa nje wa beringi ukaanza kuzunguka ndani yake na kulisaga. Mguu unaweza kupata ufa penye kona. Na kutu inaweza kuushika uso unaokaa juu ya kitako cha pampu. Ukishaziandika hizo utaona kwamba mbili za kwanza ndizo zenye uzito, na kwamba hakuna hata moja kati ya hizo mbili inayotibiwa kwa kutafuta malighafi yenye nguvu zaidi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wabunifu wengi wanapoteleza. Nguvu ni kiwango cha mkazo ambacho malighafi hukistahimili kabla ya kuharibika umbo au kukatika. Ukakamavu ni ule ukaidi wake wa kutopinda chini ya mzigo. Ni sifa mbili tofauti, na hiyo ya pili hupimwa kwa moduli ya Young, ambayo kwa chuma ni takriban gigapaskali 205, kwa alumini 70, na kwa chuma cha kusubu cha kijivu, yaani kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kama 110, ikipanda au kushuka kulingana na daraja lake. Wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba chuma laini cha kawaida na chuma cha aloi kilichopashwa moto na kuzimwa kwenye mafuta vina moduli inayokaribia kuwa ile ile. Mkono ukiwa unapinda mno, kuuagizia chuma chenye nguvu zaidi hakutaupunguzia kupinda hata kidogo.

Tuziweke namba mezani. Mchoro wako unaonyesha mkono wenye urefu wa milimita 80 kutoka kitakoni hadi katikati ya beringi, upana wa milimita 60 na unene wa milimita 15. Hukuandika mzigo, kwa hiyo nachukua mfano kwamba msukumo wa maji unaisukuma shafti kwa urefu wake kwa niutoni 800, na kwamba beringi hii ndiyo inayoupokea. Mkazo mkubwa zaidi, penye shina la mkono, unakuwa kama megapaskali 28, kiwango ambacho malighafi zote tunazozizungumzia hukibeba bila taabu. Lakini tazama pembe. Ncha ya mkono wa alumini inainama kwa dakika 7.4, nyuzi moja ikiwa na dakika 60. Ya mkono wa chuma cha kusubu inainama kwa dakika 4.7, ya chuma laini kwa dakika 2.5. Beringi za aina ya 6205 huvumilia mwinamo wa dakika 2 hadi 10 tu, kutegemea uwazi wake wa ndani na mzigo ulioko. Mkono wako wa alumini hauelekei kuvunjika, ila utaidhulumu beringi kila siku, na mteja atailalamikia beringi ilhali kosa limo kwenye mkono.

Sasa ongeza unene kutoka milimita 15 hadi 20 bila kugusa kitu kingine. Ukakamavu wa kupinda hukua kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo mkono unakuwa mkakamavu mara 2.37 zaidi, na mwinamo wa chuma cha kusubu unashuka hadi dakika 2, chini ya ule wa chuma laini cha milimita 15. Milimita tano zimefanya kazi kubwa kuliko kubadilisha malighafi. Ubavu mmoja mwembamba mgongoni mwa mkono ungefanya kazi hiyo hiyo kwa uzito mdogo zaidi, na hapo ndipo swali la njia linapojiingiza lenyewe. Kwenye kipande cha kusubu, ubavu huo karibu hauna gharama, kwa kuwa ni nyongeza ndogo tu inayofanywa mara moja kwenye kiolezo, lile umbo la mfano linalokandamizwa mchangani ili kuacha nafasi ya kumiminia. Kwenye bamba za kuchomelea ni kipande kingine cha kukata, kukishikiza na kukipitishia mishono miwili, mara 300. Kwenye kipande kinachochongwa kutoka pande zima la chuma, kuubakiza ubavu maana yake ni kuondoa chuma chote kinachouzunguka, na muda wa mashine unaenda huko. Ndiyo maana nilisema umbo nalo limo kwenye uchaguzi: umbo bora kwa kusubu si umbo bora kwa kuchomelea, na anayelinganisha njia mbili kwa mchoro mmoja anaipendelea mojawapo bila kujua.

Kuhusu wepesi, nakuuliza: ni kwa faida ya nani? Pampu hii imefungwa kwa bolti na haisafiri. Kingekuwa kipande kinachorushwa huku na huko, kama mkono wa roboti, au mzigo wa kubebwa na mtu, alumini ingekuwa na hoja nzito. Kwa kipande kinachovutwa tu, alumini na chuma ni sawa kwa wepesi, maana moduli ikigawanywa kwa uzito wa ujazo hutoa karibu jibu moja kwa zote mbili: 205 kwa 7.85 ni 26, na 70 kwa 2.7 ni 26 vilevile. Faida ya alumini hujitokeza kwenye kupinda, ambapo bamba lake likinenepeshwa mara 1.43 huwa kakamavu sawa na lile la chuma, na uzito wake ni karibu nusu. Michael Ashby wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyewazoesha wahandisi kuzipanga malighafi kwenye chati kwa vipimo vya namna hii, ambavyo hubadilika kulingana na jinsi kipande kinavyobebeshwa mzigo. Nakusihi ujifunze kuzitumia. Hata hivyo, chati ya wepesi humjibu aliyeuhitaji wepesi. Kwenye pampu iliyofungwa chini, uzito kidogo unasaidia kutuliza mtetemo.

Hoja iliyonifanya niipe alumini nafasi ya nyuma zaidi ni joto. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, alumini hutanuka sehemu 23 kwa milioni na chuma cha beringi sehemu 12 hivi. Tofauti ni 11. Kwa kipenyo cha milimita 52 na ongezeko la nyuzi 60 kutoka joto la karakana, tundu la alumini litatanuka milimita 0.034 zaidi ya beringi iliyomo ndani yake. Tundu ulilochora ni 52 H7, yaani kuanzia milimita 52.000 hadi 52.030. Joto peke yake, basi, linalegeza kuliko upana wa tolaransi nzima, yaani upotofu unaoruhusiwa, uliyomwomba fundi aitunze kwa uangalifu mkubwa. Dawa zipo: tundu kubanwa zaidi likiwa baridi, bushi ya chuma kuingizwa, au mduara kuzuiwa kwa kifuniko, vipande vingi vya alumini hubeba beringi vizuri kwa mbinu hizo. Lakini kila dawa ni hatua ya ziada, ilhali chuma cha kusubu hutanuka sehemu 10 hadi 11 tu, karibu sawa na beringi, na tatizo halizaliwi.

Kwa sababu hizo chaguo langu kwa kipande hiki ni chuma cha kusubu cha kijivu, daraja la megapaskali 250, kikimiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Kaboni iliyomo ndani yake hujitenga na kuwa vijani vyembamba vya grafiti, na vijani hivyo ndivyo vinavyokipa tabia zake karibu zote. Hukifanya kichongeke vizuri, chembe zikikatika fupi fupi badala ya kujiviringisha kwenye kisu; humeza mtetemo kuliko chuma laini; na chuma hiki huyeyuka karibu na nyuzi 1150, wakati chuma laini hukaribia 1500, kwa hiyo humiminika kwa urahisi na kujaza kona nyembamba. Vijani hivyo hivyo pia ni kama nyufa ndogo zilizotangulia. Kikivutwa hukatika bila kunyumbuka, ingawa kikigandamizwa hustahimili mara tatu hadi nne ya mvuto. Ikiwa pampu yako itadondoshwa wakati wa kusafirishwa, au mtu atakaza bolti kupita kiasi juu ya kitako kisicho sawa, mguu wa chuma cha kijivu unaweza kupasuka. Ukiona hatari hiyo ni ya kweli, hamia kwenye chuma cha kusubu chenye grafiti ya duara, ambacho Keith Millis alikipata mwaka 1943 kwa kuongeza magnesi kwenye chuma kilichoyeyuka: daraja lake la 400-15 hunyumbuka kwa asilimia 15 kabla ya kukatika, na moduli yake hukaribia 170. Kinahitaji udhibiti mkali zaidi wakati wa kumimina, kwa hiyo usikiagize kwa fundi ambaye hajawahi kukifanya.

Sasa tuje kwenye idadi, kwa maana ndiyo inayoamua mengi kuliko sifa zote za jedwalini. Kila njia ina gharama inayolipwa mara moja, ya kiolezo, kalibu, vishikilio au programu ya mashine, na gharama inayolipwa kwa kila kipande. Nitahesabu kwa saa za kazi ili namba zibaki na maana popote, nawe utaweka saa zako halisi. Tuseme kuchonga kipande kutoka pande zima la chuma kunataka saa 6 za maandalizi na saa 0.75 kwa kila kipande. Kusubu kwa mchanga na kumalizia kwa mashine kunataka kiolezo cha mbao na visanduku vya viini (vya kufinyangia mchanga unaoacha uwazi ndani ya kipande) vyenye thamani ya saa 40, kisha saa 0.35 kwa kila kipande. Kusukuma alumini kwa shinikizo kunataka kalibu ya chuma yenye thamani ya saa 400, kisha saa 0.05 tu. Kuchonga na kusubu hulingana kwenye kipande cha 85: tofauti ya maandalizi, saa 34, gawanya kwa 0.40. Kwa vipande 300 kuchonga kunagharimu saa 231, mchanga saa 145, na kalibu ya chuma saa 415. Jibu la mwaka wa kwanza liko wazi.

Hesabu hiyo ya kalibu ya chuma ina kasoro niliyoiacha makusudi, kwa kuwa naikuta kwenye mipango mingi. Kwa namba hizo, kalibu ya chuma inaishinda kalibu ya mchanga kuanzia kipande cha 1200, na mtu aliyeahidiwa vipande 2000 angeharakisha kuiagiza. Lakini njia hiyo hushika vipimo kwa takriban milimita 0.1 kila upande, nawe unataka upana wote uwe milimita 0.03. Tundu lazima lichongwe hata hivyo. Ongeza saa 0.15 za kulichonga na kila kipande kinakuwa saa 0.20, na njia hizo mbili sasa zinakutana kwenye kipande cha 2400, si cha 1200. Unapolinganisha njia, linganisha kipande kilichokamilika na kupimwa mezani. Kipande kinachotoka kwenye kalibu bado ni nusu ya safari.

Mwenzako aliyeshauri kuchomelea hakukosea kabisa. Kwa vipande vitano au kumi vya majaribio ningefuata ushauri wake, kwa sababu chuma laini ni kakamavu, hupatikana kwa bamba, na hakihitaji kiolezo. Ila kuna mpangilio usioruhusu kugeuzwa, na niliujua kwa hasara. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliandaa vibeba beringi 40 vya kuchomelea, na kwa kuwa mashine ya kukereza ilikuwa tupu wiki ile, niliruhusu vipande vya duara vichongwe tundu kwanza, kisha vichomelewe kwenye miguu yao. Vilipopoa, nilishusha kipimo cha shimo ndani ya kile cha kwanza nikakizungusha polepole. Mshale uliyumba milimita 0.2. Tundu lilikuwa limekuwa yai. Mshono unapopoa hunywea na kuvuta kila kilicho karibu, na chuma hakisahau mvuto huo. Tulilazimika kupanua matundu yote 40 na kuyaingizia bushi. Mpangilio sahihi ni kukata, kuchomelea, kupasha kipande joto la kama nyuzi 600 na kukiacha kipoe taratibu ili kitoe mvuto wa ndani, na ndipo tundu lichongwe, likiwa hatua ya mwisho kabisa.

Njia nyingine nazitaja kwa haraka. Kufua kwa kalibu hutoa vipande vyenye ustahimilivu mkubwa wa mizigo inayojirudia, na hufaa mikono ya injini na ndoano za kreni, lakini kalibu zake ni ghali na mzigo wako hauhitaji. Nailoni haifai hapa: moduli yake ni gigapaskali 2 hadi 3, na ile ya aina ya 66 ikikaa majini inaweza kunywa hadi kama asilimia 8 ya uzito wake na kubadilika vipimo. Uchapishaji wa tabaka kwa tabaka ni msaada mkubwa kwa kutengeneza kiolezo au kukagua kama kipande kitaingia mahali pake, ila usiupe kazi ya kubeba beringi bila kukumbuka kwamba plastiki iliyochapishwa ni dhaifu zaidi inapovutwa kati ya tabaka na tabaka. Na kama pampu ni ya maji ya bahari, basi mazungumzo yote yanaanza upya, kwa sababu alumini ikigusana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi huliwa haraka, na hata chuma cha kusubu hakitaridhisha bila kinga.

Ukikubaliana nami kuhusu chuma cha kusubu na mchanga, mchoro wako unapaswa kubadilika kabla haujaenda kwa mtu yeyote, na sehemu hii naiona ni muhimu kuliko jina la malighafi. Kiolezo lazima kitoke mchangani bila kubomoa kingo, kwa hiyo kila ukuta uliosimama upewe mteremko wa nyuzi 1 hadi 3. Kona zote za ndani zipewe mviringo, kwa sababu kona kali hukusanya mkazo na pia huleta ufa kipande kinapopoa. Unene usibadilike ghafla: sasa hivi umechora kitovu kizito cha beringi kikiungana na mkono mwembamba, na pale pazito patapoa mwisho, patanyonya chuma kutoka kwingine pasipate, na ndani yake patabaki matundu. Punguza unene wa kitovu kwa nje, au mruhusu fundi wa kusubu aweke hifadhi ya kukilisha, yaani akiba ya chuma kilichoyeyuka juu yake. Chuma cha kijivu hunywea karibu asilimia 1 kinapoganda na kupoa, na fundi wa kiolezo atalifidia hilo mwenyewe ukimwambia ni chuma gani. Chuma cha kawaida hunywea karibu asilimia 2, kwa hiyo kiolezo cha kimoja hakitoi vipimo sahihi kwa kingine. Acha milimita 3 za kuchonga kwenye nyuso zinazohitaji usahihi, maana yake tundu la beringi lisubiwe likiwa na kipenyo cha milimita 46.

Kisha punguza ukali wa vipimo. Umeandika tolaransi ya milimita 0.05 kwenye kila kipimo cha mchoro, hata kwenye kimo cha ubavu usiogusana na chochote. Nyuso zinazostahili ukali huo ni chache: tundu la 52 H7 lenye ulaini wa uso wa Ra mikromita 1.6, uso wa chini wa mguu, na umbali kati ya hivyo viwili. Mashimo ya bolti yanatosha kwa keekee, na nyuso zilizobaki ziachwe kama zilivyotoka mchangani, ambako kupotoka kwa milimita 1 ni jambo la kawaida. Mchoro wenye ukali kila mahali humfanya fundi asijue ni wapi hasa umeweka roho yako, na atakutoza kwa vyote au atavipuuza vyote. Onyesha pia ni uso gani utatangulia kuchongwa na kuwa msingi wa kupimia vingine. Mimi ningeanza na uso wa chini, halafu nikakifunga kipande juu ya uso huo na kuchonga tundu na bega lake kwa ufungaji mmoja, kwa kuwa kila mara kipande kinapofunguliwa na kufungwa upya usahihi fulani hupotea.

Siku ukifika vipande 2000 kwa mwaka, usikimbilie kubadilisha malighafi. Badilisha kwanza vifaa vya njia ile ile: kiolezo cha mbao huchakaa na kunyonya unyevu, kwa hiyo agiza violezo vya metali vilivyofungwa kwenye bamba, vipande kadhaa katika kalibu moja, na utengeneze kishikilio cha kuchongea kitakachoondoa muda wa kupima na kupanga kila kipande. Saa 0.35 zinaweza kushuka vya kutosha kukuondolea hamu ya kalibu ya chuma, na hutahitaji kujaribu upya beringi, joto na mtetemo kama ambavyo ungelazimika kwa kuhamia alumini.

Kuhusu kujua kama umechagua vema kabla fedha hazijatumika: omba vipande vitano vya kwanza, ulipie hivyo tu, na usiruhusu vingine vimiminwe. Kimoja kipasue kwa msumeno katikati ya kitovu cha beringi na uusugue uso uliokatwa kwa msasa laini mpaka ung’ae. Ukiona vitundu vyeusi vilivyokusanyika pale pazito, rudi kwenye unene wa kitovu na hifadhi ya kulisha kabla ya kumlaumu fundi. Viwili vichongwe tundu, vipimwe siku hiyo hiyo, viachwe wiki moja, vipimwe tena katika joto lile lile. Tundu likiwa limebadilika, mvuto wa ndani haujatoka na vipande vitahitaji kupashwa joto kabla ya kuchongwa. Kimoja kifungwe kwenye pampu, kiendeshwe mpaka joto litulie, na nyumba iguswe kwa kipimajoto karibu na beringi, ili zile nyuzi 60 nilizozichukua kwa mfano uziandike upya kwa namba yako mwenyewe. Cha tano kiweke kabatini bila kukigusa, kikiwa na lebo ya tarehe na jina la aliyekisubu, kiwe cha kulinganishia shehena itakayofuata.